Nani Analipa Punguzo?

Punguzo la Kinole huanza na orodha. Mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Madaftari, bei ya jumla, mzigo unapanda Jumamosi." Chini yake anaweka jina lake na idadi anayotaka. Anayefuata ananakili ujumbe wote, anajiongeza namba mbili, anaurudisha kundini. Inakwenda hivyo hivyo mpaka orodha inakuwa ndefu kuliko kioo cha simu. Aliyekwisha kutuma pesa anawekewa tiki ya kijani. Ambaye hajatuma anabaki bila tiki, na kundi zima linamwona. Ijumaa jioni mtunza orodha anahesabu tiki: zikitosha katoni tulizokubaliana, mzigo unaagizwa mjini, zisipotosha, kila mtu anarudishiwa chake.

Mtunza orodha ni mimi. Nina duka hapa Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, na msimu ukifika hununua pilipili manga na mdalasini kwa wakulima. Watu hushangaa mwenye duka anavyowasaidia wateja wake kununua kwa bei ya jumla. Sababu yake haina siri. Mtaji wangu hauwezi kubeba katoni za madaftari ya shule nzima kila Desemba, na yakibaki mpaka Machi, unyevunyevu wa masika unayapinda. Orodha ikitimia, pesa ni zao, hatari ya kubakiwa na mzigo haipo, na mimi nachukua kiasi kidogo kwa kila dazeni ambacho nimekiandika juu kabisa ya ujumbe, kila mtu akione.

Bei hapa inashuka kwa sababu inayoonekana kwa macho. Mzazi akiteremka peke yake mpaka Morogoro kufuata dazeni mbili za madaftari, nauli ya kwenda na kurudi inakula alichookoa. Wazazi thelathini wakiagiza pamoja, gari ni moja, gharama ya kubeba inagawanyika, na muuzaji wa jumla anamaliza kazi yake kwa risiti moja. Gharama fulani imeondoka kweli, ndiyo maana punguzo lipo na hakuna aliyeumia.

Nimeeleza haya kwa sababu ofa za manunuzi ya pamoja zinazouzwa mtandaoni kwa kuponi zinafanana sana na orodha yetu kwa sura, lakini hesabu yake mara nyingi ni nyingine kabisa. Mnunuzi na mwenye duka wote wanapaswa kuijua hesabu hiyo kabla ya kubonyeza kitufe.

Kampuni iliyozipa ofa hizi jina duniani ni Groupon ya Chicago, Marekani, iliyoanzishwa na Andrew Mason mwezi Novemba 2008. Kabla yake Mason alikuwa na tovuti iliyoitwa The Point, ambako watu walijiandikisha kufanya jambo fulani kwa sharti kwamba halianzi mpaka idadi itimie. Alichukua sharti hilo akalipeleka kwenye biashara. Ofa ya kwanza ilikuwa piza mbili kwa bei ya moja, katika baa iliyokuwa chini ya jengo lao lile lile. Mwaka 2010 wazo lilifika Nairobi. Tovuti ya Rupu, iliyokuwa chini ya kampuni ya habari ya Uswisi, Ringier, iliuza ofa za migahawa, saluni na hoteli, na watu walilipia kwa M-Pesa. Baadaye ikaegemea zaidi kuuza bidhaa.

Utaratibu ni huu. Mwenye biashara anakubali kuuza kwa bei ya chini, mara nyingi nusu. Kampuni ya kuponi inatangaza ofa kwa watu wake wote, inapokea pesa mapema, inabaki na sehemu yake, kisha inamlipa mwenye biashara kinachobaki. Mnunuzi anapata namba ya kuponi kwenye simu na kwenda kuitumia kabla haijaisha muda. Groupon ilikuwa ikichukua karibu nusu ya kile mteja alicholipa, na kwa wafanyabiashara wa Marekani malipo yalitoka kwa awamu ndani ya siku kama 60. Kwa hiyo mwenye duka anayetoa punguzo la nusu anaweza kubaki na robo tu ya bei yake ya kawaida.

Robo hiyo niliiona vizuri siku mpwa wangu alipopanda kuniona. Ana mgahawa mjini, si mkubwa, na kijana wa masoko wa kampuni moja alikuwa amempigia simu kuhusu ofa ya kuponi.

"Shikamoo mjomba. Wanasema wataniletea watu mia mbili kwa wiki."

"Marahaba. Sahani ya biriani unauza bei gani?"

"Elfu kumi na mbili."

"Kuipika inakugharimu ngapi? Nyama, mchele, mkaa, mpishi, vyote."

Akafikiri kidogo. "Elfu saba hivi, mjomba."

Tukaandika nyuma ya karatasi ya sukari. Bei ya ofa shilingi 6,000. Kampuni inachukua nusu, kwake zinabaki 3,000. Sahani imemgharimu 7,000, kwa hiyo kila anayekuja na kuponi anaondoka na 4,000 za mwenye mgahawa. Watu 200 ni shilingi 800,000. Kwa bei ya kawaida sahani moja inampa faida ya 5,000, hivyo ili arudi pale alipokuwa kabla ya ofa lazima auze sahani 160 za bei kamili kwa watu ambao bila ofa wasingekuja kamwe. Na katika hao 200, wangapi ni wateja wake wa kila siku ambao wangelipa elfu kumi na mbili bila kunung'unika? Hakuwa na jibu, na kijana wa masoko hakuwa amemuuliza.

Yaliyomkuta mwoka keki mmoja wa Uingereza yaliandikwa na magazeti mengi. Mwaka 2011 Rachel Brown, mwenye duka la keki huko Woodley karibu na mji wa Reading, alitoa ofa kupitia Groupon: dazeni ya keki ndogo kwa pauni 6.50 badala ya 26. Hakuweka ukomo wa idadi. Watu 8,500 walinunua, maana yake keki 102,000. Alilazimika kuajiri vibarua ili kutimiza ahadi, akapoteza pauni zipatazo 12,500. Keki zile zililiwa na watu waliofurahia bei, na mwanamke mmoja ndiye aliyeilipa.

Lakini si kila biashara inaumia, na hapa nataka kuwa mwenye haki. Mwaka 2010 Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, aliuliza biashara 150 zilizokuwa zimetoa ofa Groupon. Asilimia 66 walisema walipata faida, asilimia 32 walisema hawakupata. Migahawa ilifanya vibaya zaidi, saluni na nyumba za urembo zikafanya vizuri. Aliona pia kwamba kuridhika kwa wafanyakazi kulihusiana sana na ofa kufanikiwa, na hilo naliamini kabisa. Mhudumu aliyezidiwa na foleni ya watu wa kuponi hamhudumii mtu kwa namna ya kumfanya arudi.

Tofauti ya mgahawa na saluni iko kwenye gharama. Kila sahani inahitaji nyama mpya. Kiti cha saluni kisichokaliwa Jumanne asubuhi hakiokoi chochote kwa kukaa bure. Chumba cha kulala wageni ni hivyo hivyo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, watu wa Dar wanaweza kuja kupumzika mwisho wa wiki bila kukaa nusu siku barabarani. Tuseme chumba ni 40,000, na mgeni anagharimu 7,000 za maji, umeme, chai na kufua shuka. Kuponi ya nusu bei, kampuni ikichukua nusu yake, inamwachia mwenye nyumba 10,000. Jumatano chumba kilikuwa kitupu, kwa hiyo amepata 3,000 ambazo hazikuwepo. Jumamosi, mgeni huyo huyo wa kuponi akimzuia mgeni wa bei kamili, amempotezea 30,000. Kuponi inayomfaa mwenye nyumba ni ile iliyoandikwa siku zake, idadi yake na mwisho wake.

Mpwa wangu alirudi mjini akawaambia anataka sahani 30 tu, za Jumatatu na Jumanne, chakula cha mchana, na bila soda ndani ya ofa. Hawakumpigia tena. Nilimwambia asisikitike.

Kwa mnunuzi, jambo la kwanza ni kupiga simu dukani kwenyewe kuuliza bei ya kawaida, kwa sababu kuna wanaopandisha bei ya zamani kwenye tangazo ili punguzo lionekane kubwa. Soma tarehe ya mwisho na siku zisizokubalika. Kuponi nyingi hufa mfukoni bila kutumiwa, na pesa ya kuponi iliyokufa inabaki kwa aliyeiuza, siyo kwako. Uliza pesa yako inakaa kwa nani mpaka huduma itolewe. Ukiambiwa utume "nusu ya malipo" kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, kwa ofa ambayo duka husika haliifahamu, huo ni utapeli, na ujumbe wake unaweza kuupeleka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia namba 15040.

Ninachokitamani mimi kwa Kinole kiko China zaidi kuliko Chicago. Mwaka 2015 Colin Huang alianzisha Pinduoduo, na biashara yake ilianza na matunda. Ukinunua peke yako unaona bei moja. Ukimwita jirani mkanunua pamoja, bei inashuka. Oda zikijikusanya, mzigo unatoka kwa mkulima bila kupita mikono mingi. Mwisho wa 2020 wanunuzi wake walikuwa milioni 788 kwa mwaka. Kwa jirani zetu Kenya, Twiga Foods ilianza 2014 na ndizi: ikakusanya mahitaji ya wauza genge wengi kwa simu, ikanunua kwa wakulima, ikawapelekea hadi mlangoni. Nayo imepata misukosuko, ikapunguza mamia ya wafanyakazi mwaka 2023, kwa sababu magari, maghala na madereva ni gharama ambazo simu haizifuti.

Ndizi, machungwa na mafenesi ya kwetu huteremka mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, lililopewa jina la machifu wa Waluguru ambao kiti chao ni hapa hapa Kinole. Mkulima anafika alfajiri na mkungu ulioanza kuiva, na mnunuzi anajua kwamba hawezi kuurudisha mlimani. Bei inapangwa na kuiva kwa ndizi. Lau familia thelathini za Dar zingejiandikisha tangu Jumatatu na kulipa kabla mkungu haujakatwa, mkulima angekata kinachotakiwa tu, na punguzo lao lingetoka kwenye ndizi ambazo zisingeoza.

Nimezungumza na wenzangu kuhusu kufungua orodha ya namna hiyo. Tatizo ni barabara wakati wa masika: gari likikwama siku moja, ndizi zimeharibika na pesa za watu tumeshazipokea. Tumekubaliana tuanze na pilipili manga na mdalasini, nusu kilo nusu kilo, maana vikikaushwa vizuri vinasubiri gari.