Friwili Kwanza, Mbwembwe Baadaye

Oya masela wa Kasulu na Kibondo, hii ni ya wana wanaojisukia chuma wenyewe. Fremu ya Phoenix umeokota kwa mshkaji, rimu zimetoka kwingine, rangi imepigwa inawaka kinoma. Safi. Kabla mkwanja haujaishia kwenye taa na vioo, tuongee gia. Huku Buha ni kupanda na kushuka, na chuma kisichopanda mlima na gunia la maharage kwenye keria ni pambo tu.

Chukua mpangilio uliozoeleka: sproketi ya mbele meno 44, friwili meno 18. Ukizungusha pedeli mara moja, tairi la inchi 28 linakusogeza kama mita 5.5. Tambarare unapepea. Mlimani na madumu ya mawese, magoti yanalia. Funga friwili ya meno 22, mzunguko unashuka hadi mita 4.5. Spidi inapungua kidogo, mlima unalainika sana. Hiyo ndiyo hela ya kwanza ya kutoa, mwanangu, maana friwili inafungwa kwa uzi na fundi wa kitaa anaimaliza fasta.

Cheni ndiyo inawazingua wengi. Pini kwa pini ni nusu inchi kwa zote, kwa hiyo kwa macho zinafanana. Angalia upana wa ndani: ya Phoenix ni inchi 1/8, ya baiskeli ya gia ni 3/32. Nyembamba kwenye sproketi nene haikai, inapanda juu ya meno.

Unataka gia saba za mtumba? Fresh, na wanaosema gia ni za wazembe wajue Tour de France iliwabania waendeshaji wake mpaka 1937, ndipo gia za kuhama zikaruhusiwa kwa wote. Ila friwili ya gia saba ni pana. Hata uzi ukikubali, ekseli itakuwa fupi, fremu itabidi ipanuliwe nyuma, na spoku zivutwe upya ili rimu ikae katikati. Fremu ya chuma inavumilia, ya alumini usiguse. Ukiamua kuchomeka gurudumu zima la inchi 26, breki za fimbo za Phoenix hazitalifikia, na kushuka mlima bila breki ni kifo. Kwa mtu wa mizigo, mimi nasimama na gia moja ya meno 22.

Halafu pima cheni ya zamani kwa rula: pingili 24 ni sentimita 30.5. Zikifika 30.8, imekwisha. Usivalishe cheni mpya kwenye friwili iliyochongoka meno, itaruka pale pale unaposimamia pedeli mlimani. Nunua vyote viwili, vifungwe siku moja.