Mirathi ya Ardhi Bonde la Ufa (2): Sheria Inayoishia Mau Narok

Ukitoka Njoro ukapanda barabara ya Mau Narok, mashamba ya ngano na viazi hayakuoneshi mpaka wowote. Mji wa Mau Narok ungali ndani ya Kaunti ya Nakuru. Ukiupita, unaingia Narok. Baridi ni ileile, na wenye mashamba wengine ni ndugu wa baba mmoja. Lakini mwenye shamba akifariki bila wosia, mjane na mabinti wa upande wa Nakuru wana sheria ya Bunge ya kushika mkononi. Wa upande wa pili wanarudishwa kwenye mila ya jamii ya marehemu.

Wiki iliyopita tulisimulia jinsi mashamba ya Bonde la Ufa yalivyotoka kwa Wamaasai, yakaenda kwa walowezi, kisha kwa wanunuzi wa baada ya uhuru. Leo tuuangalie mpaka huu wa sheria, kwa sababu naamini umeishi muda mrefu kuliko sababu iliyouweka.

Enzi ya ukoloni, mirathi ilifuata rangi na dini. Mlowezi wa Njoro alirithiwa kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865. Mhindu mwenye duka Nakuru mjini alikuwa na sheria zake, Mwislamu zake, na Mwafrika aliachiwa mila. Ruhusa ya kuandika wosia kisheria aliipata mwaka 1961, uhuru ukibisha hodi. Mwaka 1967 serikali iliunda tume chini ya Humphrey Slade, Spika wa Bunge wakati huo, ili itafute sheria moja kwa Wakenya wote. Sheria ya Mirathi ikapitishwa mwaka 1972, ikakaa miaka tisa kabatini, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981.

Nayo haikuwafikia wote. Vifungu vya 32 na 33 viliondoa ardhi ya kilimo, mazao yake na mifugo katika wilaya 12, pale mtu anapofariki bila wosia: Narok, Kajiado, Samburu, Turkana, Pokot Magharibi, Isiolo, Marsabit, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River na Lamu. Fedha za benki na nyumba ya mjini zinafuata sheria ya wote. Shamba na ng'ombe, yaani mali yenyewe ya watu wa wilaya hizo, vinafuata mila. Basi mzee akiacha ekari kumi Njoro na kumi Narok, watoto walewale watarithi kwa kanuni mbili.

Sababu ilikuwepo. Mwaka 1981 sehemu kubwa ya Narok na Kajiado ilikuwa ranchi za vikundi, chini ya sheria ya mwaka 1968, na malisho ya ukoo mzima huwezi kuyagawa kama shamba la mtu mmoja. Tangu hapo ranchi nyingi zimekatwa vipande, na kila kipande kikapewa hati miliki yenye jina la mtu mmoja, mara nyingi mwanamume. Malisho ya pamoja yameondoka, msamaha wa vifungu vya 32 na 33 umebaki, na anayeulipia ni binti wa mwenye hati.

Wamarekani wa zamani walipitia jambo la jamii hii. Mwaka 1705 koloni la Virginia liliamua kwamba shamba lililofungwa katika ukoo, lisiloweza kuuzwa nje ya uzao wa mwenyewe, litafunguliwa kwa sheria ya Bunge tu. Familia iliyotaka kuuza kipande ilipe deni ilipeleka ombi Williamsburg, makao ya Bunge la koloni, nalo likaitungia sheria yake peke yake. Mwaka 1734 mashamba madogo, yenye thamani isiyozidi pauni 200, yakapewa njia ya mahakama. Mwaka 1776 mswada wa Thomas Jefferson ukakifuta kifungo hicho kwa wote. Watu waliofanywa watumwa, waliorithishwa pamoja na mashamba, hawakupata chochote katika mageuzi hayo. Hata sheria inayojiita ya wote yafaa iulizwe imemwacha nani nje.

Kwetu swali hilo lilifika Mahakama ya Rufaa iliyoketi Eldoret mwaka 2005, katika kesi ya Rono. Marehemu alikuwa ameacha wake wawili, watoto tisa na ekari 192. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 kila mmoja, kwa kuwa mabinti wangeweza kuolewa. Majaji wa rufaa walilikataa hilo, wakaagiza watoto wote wapate sawa. Hukumu hiyo ilisimama juu ya Sheria ya Mirathi. Shamba lingekuwa Narok, mabinti wangeanza safari yao kwenye kifungu cha 33.

Katiba ya 2010 imewapa silaha: kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi, na kifungu cha 2 kinabatilisha mila inayopingana na Katiba. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya haki iliyoandikwa waziwazi na haki inayokulazimu kumshtaki kaka yako ndipo uipate. Hata Nakuru penyewe binti huachwa nje kimyakimya, na mlango unaotumika ni barua ya chifu, ile inayotaja warithi wa marehemu. Jina lake likikosekana pale, tangazo litatoka katika Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi zitapita, na asiyesoma gazeti hilo hatajua. Kifungu cha 76 kinamruhusu kuomba usimamizi wa mirathi ubatilishwe, ingawa huenda wakati huo shamba limeshauzwa.

Vifungu vya 32 na 33 vifutwe. Wakati tunasubiri, mwenye shamba Narok anaweza kujitoa humo mwenyewe, kwa kuwa msamaha ule unagusa mali isiyo na wosia tu. Aandike wosia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote ndani yake, amtaje kila mtoto kwa jina, na aeleze kila kipande kwa namba ya hati yake.

Wiki ijayo: hisa za kampuni za kununua mashamba, na warithi wa waliofariki kabla ya kupewa hati.