Bangi: Jina la ua halisemi kilichomo ndani yake

WAPO wanaoamini kuwa bangi ni bangi tu, haina aina. Wapo wengine, hasa vijana, wanaosadiki kwamba zipo aina nyingi zenye tabia tofauti: hii humchangamsha mtu, ile humlaza usingizi, na nyingine ni dawa isiyoweza kumdhuru yeyote. Makundi haya mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote mawili yamepotoka.

Suala lenyewe si la kupuuzwa. Utafiti wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kampeni Dhidi ya Pombe na Mihadarati (NACADA) wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Wakenya zaidi ya 500,000 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia bangi. Mzazi au mwalimu anayetaka kuwaonya vijana hatasikizwa iwapo wao wanaujua mmea huu kuliko yeye, au iwapo wanadhani wanaujua.

Mmea jike ndio wenye ukali

Kwa kawaida, mbangi dume na mbangi jike huwa mimea miwili tofauti. Dume hutoa vijifuko vya chavua. Jike hutoa vichala vya maua yaliyosongamana, na juu ya maua hayo na vijani vinavyoyazunguka huota vinywele vidogo mno vyenye vichwa kama uyoga. Ndani ya vichwa hivyo ndimo unamotengenezwa utomvu unaobeba kemikali za kulevya.

Ua likifikiwa na chavua, mmea huelekeza nguvu zake kwenye mbegu. Lisipofikiwa, jike huendelea kuongeza maua na utomvu. Ndiyo sababu wakulima wanaotafuta ukali hung'oa madume mapema. Hivyo basi, tofauti ya kwanza kabisa ni baina ya ua lenye mbegu na ua lisilo na mbegu. La pili kwa kawaida ndilo kali zaidi. Utomvu wenyewe ukikusanywa na kushindiliwa huitwa hashishi.

Majina yalitoka wapi?

Neno letu bangi lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Majina ya kitaalamu yalitoka Ulaya. Mwaka 1753, mwanabotania wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuita mmea huu Cannabis sativa. Mwaka 1785, Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alichunguza mimea iliyotoka India, akaona ni tofauti, akaiita Cannabis indica. Mwaka 1924, Mrusi Dmitri Janischewsky aliongeza jina la tatu, ruderalis, kwa mmea mdogo wa mwituni. Wataalamu wa mimea wangali wanabishana iwapo hizo ni spishi tatu au ni moja yenye sura nyingi.

Wafanyabiashara hawakuyangoja majibu. Waliyachukua majina hayo na kuyapa maana yao wenyewe. Sativa ikawa mmea mrefu wenye majani membamba, unaodaiwa kuchangamsha akili. Indica ikawa mmea mfupi wenye majani mapana, unaodaiwa kulegeza mwili. Mchanganyiko wa hizo mbili ukaitwa chotara.

Uchunguzi wa maabara umeitia dosari hadithi hiyo. Mwaka 2015, watafiti nchini Canada walichapisha matokeo ya kuchunguza jeni za sampuli 81 za bangi ya kulevya na 43 za bangi ya nyuzi. Waligundua kuwa mara nyingi majina hayakulingana na nasaba ya mmea. Sampuli moja yenye jina la Jamaika, iliyohesabiwa kuwa sativa, ilikaribia kufanana kabisa kijeni na indica iliyonasibishwa na Afghanistan. Si ajabu, kwani wakulima wamekuwa wakiichanganya mbegu kwa miongo mingi, kila mmoja akiubandika mmea wake jina alipendalo.

Kilicho muhimu ni kemikali

Iwapo jina halitoshi, basi ua litambuliwe kwa nini? Jibu la wanasayansi ni moja: kwa kemikali zilizomo. Mwaka 1964 nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walifaulu kuitenga THC, kemikali inayolevya. Katika ua bichi, THC nyingi huwa katika hali ya asidi isiyolevya. Joto ndilo huigeuza. Hii ndiyo sababu bangi huvutwa, au hupikwa kabla ya kutiwa katika vyakula.

Kemikali ya pili ni CBD, ambayo hailevyi. Kwa kupima hizo mbili, wataalamu hugawa maua katika makundi matatu makuu: yenye THC nyingi na CBD kidogo, yenye zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na yenye CBD nyingi na THC kidogo. Bangi ya nyuzi, inayotumiwa kutengenezea kamba na nguo, huwa na THC haba mno. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka kikomo cha asilimia 0.3.

Vipi kuhusu harufu? Harufu hutokana na mafuta yaitwayo terpini, yaleyale yanayopatikana katika maganda ya ndimu na katika misonobari. Ua moja laweza kunukia ndimu na jingine likanukia udongo wenye majimaji. Lakini pua haiwezi kupima THC, wala jicho haliwezi.

Ukali umeongezeka

Hapa ndipo penye hatari. Nchini Marekani, sampuli za bangi zilizonaswa na serikali zilikuwa na wastani wa takriban asilimia 4 ya THC mwaka 1995. Kufikia 2014, wastani huo ulikuwa umefika takriban asilimia 12. Aliyeivuta ujanani mwake na anayeivuta leo huenda hawazungumzii kitu kimoja.

Mwaka 2019, jarida la The Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanywa katika maeneo kadhaa ya Ulaya na Brazil. Ulibainisha kuwa watu waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano zaidi wa kupatwa na maradhi makali ya akili, wakilinganishwa na wale ambao hawakuwahi kuitumia. Utafiti kama huo hauthibitishi peke yake kwamba bangi ndiyo chanzo, lakini ni onyo lisiloweza kupuuzwa.

Nchini Canada, iliyohalalisha bangi mwaka 2018, pakiti huandikwa kiasi cha THC na CBD. Mwuzaji wa mtaani hapa kwetu hana maabara. Anaposema msokoto wake ni wa aina fulani, hana njia ya kujua, sembuse mnunuzi.

Sheria haijali jina

Je, ua la CBD si dawa? Ni kweli kuwa mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex, inayotokana na CBD, kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Hata hivyo, hiyo ni dawa iliyosafishwa na kupimwa, hutolewa kwa agizo la daktari, wala si ua la kuvutwa. Lesotho na Malawi nazo zimeruhusu kilimo cha bangi ya dawa, lakini kwa leseni.

Kenya haijafuata njia hiyo. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 inaitaja bangi kuwa vilele vya mmea vyenye maua au matunda ambavyo havijatolewa utomvu, vyovyote vile vitakavyoitwa. Kwa maneno mengine, sativa, indica na chotara ni kitu kimoja mbele ya hakimu. Tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, anayepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini isiyozidi Sh100,000. Anayepatikana na ya kuuza anakabiliwa na adhabu kali zaidi.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Kijana anayeambiwa kwamba ua hili ni laini na lile ni kali anauziwa jina tu. Kilichomo ndani atakijua baadaye, na huenda wakati huo akawa amechelewa.