Je, Wajua? Saa ya Vali Ndani ya Injini ya Turbo

Je, wajua kwamba injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja? Kamshafti, mhimili unaozifungua vali, huenda nusu ya kasi ya kranki, kwa hiyo kila vali hupata zamu moja katika mizunguko miwili ya kranki. Zamu hiyo haifikii hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi saa ya zamu hiyo haikubadilika kabisa? Mnyororo au mkanda wa taimingi uliifunga kamshafti na kranki, na mtengenezaji akalazimika kuchagua: gari livute vizuri likienda polepole, au lipumue vizuri likiwa kasi. Alfa Romeo ndiyo iliyouza gari la kwanza lenye kamshafti inayojisogeza, Spider ya mwaka 1980. Honda wakaleta mfumo wao wa VTEC 1989, BMW wakaleta VANOS 1992, Toyota VVT-i 1995.

Je, wajua kwamba kinachoisogeza kamshafti ni oili ileile ya injini? Mbele ya kamshafti kuna gia yenye vyumba vidogo ndani, na katikati yake kuna rota yenye mapezi. Kompyuta ya gari huamuru swichi ya umeme ipeleke oili upande huu wa pezi au ule, rota ikageuka, nayo kamshafti ikatangulia au ikachelewa. Katika mifumo mingi nafasi ya kusogea ni kama nyuzi 40 hadi 60 za kranki. Kwa vali, hizo ni nyingi mno.

Je, wajua kwamba kuna wakati vali ya hewa na vali ya eksozi huwa wazi pamoja? Hapa ndipo utamu wote ulipo, nami naomba tukae kidogo. Pistoni ikikaribia juu mwishoni mwa kutoa moshi, vali ya eksozi haijafunga bado na ile ya hewa imeshaanza kufunguka. Silinda inakuwa kama nyumba yenye milango miwili inayotazamana: upepo utapita, ila utatoka upande gani kwenda upande gani?

Kwenye turbo jibu hubadilika kila mara, kwa sababu turbini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, imekaa katikati ya njia ya moshi huo na inauzuia. Presha ya hewa inayosukumwa na turbo ikizidi ile ya moshi, hewa safi huvuka juu ya pistoni na kufagia mabaki ya moshi moto. Presha ya moshi ikizidi, mambo hugeuka: moshi hurudi ndani, unakula nafasi ya hewa, unapasha joto mchanganyiko, na injini huanza kugonga. Kifaa ni kilekile, nyuzi ni zilezile, matokeo yanapingana. Ndiyo maana kamshafti za turbo za zamani, zisizosogea, zilichongwa ili vali zisikae wazi pamoja kwa muda mrefu. Wahandisi walikosa faida ili kukwepa hasara.

Je, wajua kwamba kufagia huko huiamsha turbo mapema? Dereva akikanyaga mafuta injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,500, moshi ni kidogo na turbini ni nzito kuanza. Kompyuta ikirefusha muda wa vali zote kuwa wazi, hewa inayovuka silinda hujiunga na moshi, mzigo unaopita kwenye turbini unaongezeka, turbini inazunguka zaidi, presha ya hewa inapanda, na ufagiaji unazidi kuwa mzuri. Lakini kuna sharti: mafuta yasivuke pamoja na hewa hiyo. Injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda husubiri vali ya eksozi ifunge kwanza. Ile inayopulizia nje, kwenye njia ya hewa, haina uhuru huo. Ikizidisha, petroli hutoka mbichi kwenye eksozi.

Hata kwa injini inayopuliza petroli ndani ya silinda kuna gharama. Hewa iliyovuka ina oksijeni nyingi, na oksijeni hiyo huizuia katalisti kuondoa oksidi za nitrojeni. Sheria za moshi zilivyozidi kukazwa Ulaya, uhuru wa kufagia hivi ukapungua.

Je, wajua kwamba Toyota waliwahi kubadilisha kabisa uendeshaji wa injini bila kutangaza hata nguvu farasi moja ya ziada? Injini yao ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, yenye turbo mbili ndogo, ilitoa mvuto wake wa juu kabisa, Nm 363, kwenye mizunguko 4,800. Mwaka 1996 ikaja mpya yenye VVT-i na turbo moja: Nm 379, tena kwenye mizunguko 2,400. Kilele kilishuka nusu nzima! Nguvu farasi ikabaki 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Tuseme haki, VVT-i haikufanya kazi hiyo peke yake: turbo ilibadilishwa, njia za maji ya kupoza silinda ziliboreshwa, na uwiano wa kompresheni ukapanda kutoka 8.5:1 hadi 9:1. Mchango wa VVT-i kwenye mizunguko ya chini ni kuitanguliza kamshafti ya hewa ili vali ifunge mapema, kabla pistoni inayopanda haijairudisha nje hewa iliyokwisha kuingia. Chaser, Mark II na Crown, magari ambayo baadhi ya matoleo yake yalibeba injini hii, ni majina yaliyozoeleka sana Dar es Salaam na Mombasa, ingawa nyingi zilizofika kwetu hazina turbo. Anayesoma karatasi ya nguvu farasi peke yake angedhani 1JZ-GTE ya zamani na mpya ni sawa. Aliyepanda mlima nazo hawezi kudhani hivyo.

Je, wajua kwamba Honda waliihamishia VTEC upande wa eksozi? Ni kwenye Civic Type R ya 2015, ya turbo, lita 2.0. Ikitoa Nm 400 kuanzia mizunguko 2,500, shida yake haikuwa kuvuta hewa ndani bali kuufikisha moshi kwenye turbini kwa wakati.

Je, wajua kwamba kuna injini za turbo zinazofunga vali ya hewa mapema kwa makusudi, silinda ikiwa haijajaa? Mzunguko huu una jina la Mmarekani Ralph Miller. Hewa iliyonaswa hupanuka na kupoa pistoni inapomalizia kushuka, kwa hiyo injini haigongi kirahisi na uwiano wa kompresheni unaweza kupandishwa. Turbo hufidia hewa iliyokosekana. Volkswagen walifikia 12.5:1 kwenye injini yao ya TSI ya lita 1.5, kiwango ambacho zamani ungekiona kwa nadra kwenye injini ya turbo ya petroli.

Na dizeli? Mitsubishi waliweka saa ya vali inayobadilika kwenye dizeli ya gari dogo mwaka 2010, injini ya 4N13, wakashusha kompresheni hadi 14.9:1.

Je, wajua kwamba Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, turbo lazima izunguke kasi zaidi kuliko Mombasa ili kufikia presha ileile? Kabla haijaamka, injini inavuta hewa nyepesi tupu, na uzito wa kuondoka kwenye taa unausikia mguuni. Huko juu ndiko saa ya vali iliyopangwa vizuri inapoonekana thamani yake.

Je, wajua kwamba chujio dogo la waya linaweza kuua turbo? Kwenye baadhi ya injini za Subaru EJ zenye turbo na AVCS, mfumo wao wa kusogeza kamshafti, bomba moja hupeleka oili kwenye mfumo wa vali na kwenye turbo, likipitia bolti yenye tundu inayoficha chujio laini ndani. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, matope meusi hujaa kwenye waya huo, na beringi za turbo hukosa oili huku injini ikiendelea kunguruma bila dalili yoyote. Fundi anayeifungua bolti hiyo kila anapofanya sevisi kubwa anastahili malipo yake yote.

Na gari la turbo likianza kuwa zito chini huku likikimbia vizuri juu, usinunue turbo nyingine kwanza. Muombe fundi asome kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. P0012 maana yake kamshafti ya hewa imechelewa kupita kiasi, na mara nyingi tatizo ni swichi ya oili iliyokwama au oili chafu.