Gawio la New York, ritani ya Kawe

Mkazi wa Kawe siku hizi hununua hisa za Apple kwa simu akiwa kibarazani Ukwamani, kupitia dalali aliyeko Marekani. Gawio linapoingia, kodi imeshakatwa hukohuko. Wengi huona mambo yameishia hapo.

Hayajaisha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza mkazi wa Tanzania kwa mapato yake ya dunia nzima. Aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkazi, na mwenye makazi ya kudumu hapa huhesabiwa mkazi hata akikaa muda mfupi zaidi.

Tumezoeshwa vibaya na mambo ya nyumbani. Gawio la CRDB au NMB, kampuni zilizoorodheshwa DSE, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na kwa mtu binafsi biashara imekwisha. Mwajiriwa asiye na kipato kingine naye hukatwa PAYE na hana ritani ya kujaza. Gawio la nje halina fadhila hizo: linajumlishwa na mshahara na kutozwa kwa viwango vya kawaida, hadi asilimia 30 kwa kinachozidi shilingi milioni 12 kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhasibu ana mshahara unaotozwa kodi wa milioni 21.5 kwa mwaka, na hisa zake zimetoa gawio la dola 1,000. Marekani haina mkataba wa kodi na Tanzania, kwa hiyo dalali anakata asilimia 30 nzima na kumwekea dola 700. Kosa la kwanza ni kuandika hizo 700. Mapato ni 1,000. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 2.5.

Kodi ya Marekani inaruhusiwa kupunguza kodi ya hapa, ila ina ukomo ambao watu huusahau: nafuu haizidi kiwango cha wastani cha kodi yako ya Tanzania. Jumla ya milioni 24 huzaa kodi ya 5,136,000, yaani wastani wa asilimia 21.4. Gawio limeongeza kodi ya 750,000, sawasawa na iliyokatwa Marekani, lakini nafuu inaishia 535,000. Mhasibu anabaki akidaiwa 215,000. Kiasi cha kodi ya nje kilichokosa nafasi hakirudishwi taslimu. Huvushwa kwenda miaka inayofuata. Kwa maoni yangu ukomo huu ni mkali, lakini ndio sheria.

Ukivuka mpaka tu kwenda Nairobi ukanunua Safaricom, Kenya inamkata raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki asilimia 5. Inaonekana nafuu, hadi mhasibu wetu aongeze asilimia 25 hapa. Mkataba wa Jumuiya wa kuzuia kodi mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010, na haujaanza kutumika.

Ukiuza hisa, faida nayo ina hesabu yake. Msamaha anaoupata mkazi anapouza hisa za DSE hauzifuati hisa za New York. Hata gawio ambalo dalali amelitumia moja kwa moja kukununulia hisa nyingine ni mapato, ingawa hukuligusa.

Badilisha dola kwa kiwango cha siku ya malipo, si cha siku unayojaza ritani. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda ndani ya miezi michache kutoka takriban 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400. Tofauti hiyo inatosha kuharibu hesabu. Benki Kuu huchapisha viwango kila siku, basi andika tarehe pembeni ya kila malipo.

Makadirio hufanywa kufikia Machi 31, na ritani ya mwaka uliopita kufikia Juni 30. Ushahidi wa kodi ya Marekani ni fomu 1042-S, ambayo dalali huitoa kufikia katikati ya Machi. Salio linaloonekana kwenye simu haliwezi kushika nafasi yake.