Barua iliyorudisha baiskeli Manibe

Mwaka 1996, wakati waasi wa WNBF wakipigana na majeshi ya serikali katika Nile Magharibi, baba yangu mdogo alirudi Manibe kwa miguu. Alikuwa ameondoka alfajiri na baiskeli kuelekea soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, akiwa na gunia la samaki wakavu. Askari kwenye kizuizi walidai samaki wale ni chakula cha waasi, wakachukua vyote viwili.

Shauri lake lilikuwa moja tu: tufunge virago, tuvuke tena. Hatukumlaumu. Idi Amin aliangushwa mwaka 1979, na askari wake wa zamani waliposhambulia Oktoba 1980, jeshi la UNLA lililipiza kisasi kwa raia wa Koboko na Arua. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya watu waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, jirani zetu, waliuawa. Hapakuwa na pa kushitaki. Palikuwa na pa kukimbilia tu, Zaire au Sudan. Mimi nilivushwa mgongoni mwa mama, nikasomea huko Zaire.

Mwenyekiti wa baraza la kijiji alikataa tusihame. Alitukumbusha kuwa jeshi la NRA, lililopewa jina la UPDF mwaka 1995, lilishika madaraka mwaka 1986 likiwa na kanuni za maadili kwa askari wake: wasimpige wala kumtukana raia, wasichukue mali yake, hata ndizi au mua, bila kulipa. "Kama wao wenyewe wameyaandika," alisema, "nasi tuandike."

Kazi ya kuandika ikaniangukia mimi, kijana wa miaka 17 niliyerudi na Kiswahili cha shuleni. Mama alishituka. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizini, ya "lala chini" na "toa pesa". Hakuwahi kufikiri kwamba raia naye angeweza kumwandikia askari kwa lugha hiyohiyo.

Mwenyekiti hakutaka matusi wala malalamiko ya jumla. Alitaka siku, saa, mahali pa kizuizi, rangi ya baiskeli na namba iliyochongwa kwenye chuma chake. Baba mdogo alikuwa bado na risiti ya kuinunua. Kisha wazee watatu wakamsindikiza kambini, maana anayekwenda peke yake ni rahisi kuitwa mwasi.

Kamanda alisoma, akaagiza baiskeli zote zilizokuwa nyuma ya hema ziletwe. Namba ikalingana. Siku ya nne baba mdogo alirudi nyumbani akiendesha. Samaki hawakuonekana wala hawakulipwa, na sikusikia kama yupo askari aliyeadhibiwa. Lakini hatukuhama.

Sisemi kwamba barua huzuia risasi. Waasi nao walipora, waliteka vijana na kutega mabomu barabarani, na kwao hakukuwa na ofisi ya kupokea barua ya mtu. Ninachosema ni kwamba mwenye bunduki huogopa zaidi jambo lenye tarehe, namba na mashahidi, hasa likimfikia mkubwa wake.

Leo njia zimeongezeka. Katiba ya mwaka 1995 inaliweka jeshi chini ya mamlaka ya kiraia, na iliunda Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ina ofisi Arua. Tume inaweza kuamuru mtu alipwe fidia, ila malalamiko yapelekwe kabla ya miaka mitano kupita tangu tukio.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayerudi nyumbani, na wewe mfanyabiashara wa Oraba, Vurra au Ariwara, tunza risiti. Andika namba ya pikipiki yako mahali pengine. Ukinyang'anywa, andika siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Baiskeli ile ilichakaa zamani. Nakala ya barua ninayo bado, na wanafunzi wangu huisoma katika somo la insha.