Tanzania: "Wasiliana Nasi" inapaswa kumfikisha wapi aliye ng'ambo ya mpaka?

Mfanyabiashara wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ambaye shehena yake imeshushwa katika bandari ya Dar es Salaam halazimiki kusafiri ili aulize swali moja. Hufungua tovuti ya ofisi husika, akatafuta maneno "Wasiliana Nasi", akabofya. Kinachotokea hapo ndicho kinachoamua iwapo atajibiwa, au atalipa dalali amuulizie.

Jina la kiungo ni ahadi

Tovuti nyingi za taasisi za umma nchini Tanzania huweka viungo vya mawasiliano juu ya ukurasa. Kando ya "Wasiliana Nasi" huonekana mara nyingi "Malalamiko" na "Barua Pepe za Watumishi". Hicho cha mwisho hufungua ukurasa unaodai nywila, kwa kuwa ni cha wafanyakazi wenyewe. Maneno "za watumishi" ndiyo yanayomzuia mgeni asipotee. Yakiondolewa, ikabaki "Barua Pepe" peke yake, atadhani amefika pa kuandikia, kumbe anabisha mlango wa ndani.

Vivyo hivyo, kiungo cha barua pepe huita programu ya barua iliyomo katika kifaa. Katika kompyuta ya kukodi isiyo na programu hiyo, mtu hubofya na asione lolote. Kwa sababu hiyo, ni bora anwani yenyewe iandikwe kwa ukamilifu ili iweze kunakiliwa. Kiungo kinachofungua fomu nacho kiitwe fomu, na kinachopiga simu kionyeshe namba.

Namba inayovuka mpaka

Kwa jirani, namba ya simu ina mtihani wake. Namba inayoanza na sifuri hupigika ndani ya nchi. Aliye nje huhitaji +255, msimbo wa Tanzania, badala ya sifuri hiyo. Namba za bure zinazoanza na 0800 kwa kawaida hazipatikani kutoka ng'ambo. Taasisi inayohudumia wageni haina budi kuweka pia namba kamili yenye msimbo wa nchi.

Mfumo wa e-Mrejesho, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, unaonyesha tofauti hiyo. Mwananchi asiye na intaneti hutuma malalamiko au pongezi kwa kubonyeza *152*00#, huduma inayopitia mitandao ya simu ya Tanzania. Aliye nje ya nchi hutegemea njia ya tovuti.

Mahali pasipobadilika

Shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, W3C, lilitoa toleo la 2.2 la mwongozo wake Oktoba 2023. Mwongozo huo unataka njia za kuomba msaada, zinapojirudia katika kurasa za tovuti moja, zifuate mpangilio uleule. Aliyekiona kiungo juu ya ukurasa wa kwanza asilazimike kukisaka chini ya ukurasa wa tano. Faida hiyo huwafikia zaidi wenye uoni hafifu, wenye usahaulifu, na wasomaji ambao lugha ya tovuti si lugha yao ya kwanza.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama kubwa: mtu aliye nje ya nchi, mwenye simu ya kawaida, apewe swali moja na tovuti moja. Akikwama, kinachopaswa kurekebishwa ni kiungo.